Mashine Saba Juu ya Jani Moja

Mwaka jana, siku kliniki mpya ya kifafa ilipofunguliwa Rubwera, tuliandaliwa chakula cha mchana chini ya turubai nyuma ya jengo, na kila mgeni aliletewa sahani iliyokwisha kupakuliwa: wali upande mmoja, ndizi upande wa pili, kipande cha kuku katikati, vyote vimepimwa kwa upawa uleule. Yustina, aliyeketi kati yangu na Fundi Athumani, aliitazama sahani yake, akainuka, akaingia katika kibanja cha migomba cha jirani na kurudi na jani la mgomba refu kuliko yeye. Akalilaza juu ya meza. Akamimina sahani yake katikati ya jani, kisha yangu, kisha ya Athumani, ambaye alikuwa ameshashika paja la kuku na ikambidi aliachie. "Sogeeni," alisema. "Leo hapimiwi mtu." Daktari mmoja kijana alimnong'oneza mwenzake kwamba bibi yule labda hajazoea shughuli za wilaya. Athumani alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mimi sikuweza kucheka wala kula mara moja. Nilikuwa nimerudi ghafla katika chumba chenye madirisha mawili, katika hospitali ya misheni huko Karagwe, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao nilijifunza kazi yangu.

Kazi hiyo ilikuwa na jina ambalo sikuweza kumweleza mtu yeyote kituo cha basi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam na shahada ya hisabati, nami niliajiriwa kuandika programu sambamba, yaani kuziandikia kompyuta kadhaa kazi moja ili ziifanye zote kwa wakati mmoja. Mwajiri wangu, Profesa Mkude, alikuwa Mluguru mrefu, mkimya, aliyevaa sweta la kijivu hata jua lilipowaka. Alikuwa ametunga milinganyo ya kundi la seli za ubongo: jinsi kila seli inavyoichokoza jirani yake, jinsi inavyochoka, jinsi inavyonyamaza. Ukiipa milinganyo hiyo namba fulani, seli zile za kwenye kompyuta zilitikisika kwa utulivu kama ubongo wa mtu aliyepumzika. Ukizibadili namba kidogo tu, zililipuka zote kwa pamoja, na mlipuko huo ndio uliofanana na kifafa. Tulitaka kumpatia kila mgonjwa namba zake mwenyewe, zile ambazo zingechora kwenye kioo cha kompyuta mstari uleule ambao ubongo wake ulikuwa umeuchora kwenye karatasi, kwa sababu namba hizo zingemdokeza daktari dhoruba ya mgonjwa yule inaanzia wapi na inasambaaje. Hakukuwa na njia ya mkato ya kuzipata. Zilitafutwa kwa kujaribu, jaribio baada ya jaribio, maelfu kwa kila mtu.

Chumba chetu kilikuwa zamani stoo ya magodoro, na siku za mvua bado kilinuka sufi. Kompyuta zilikuwa saba, zote za msaada, na hakuna mbili zilizofanana. Athumani, fundi wa jenereta na wa kila kitu chenye waya, kijana wa Tanga aliyeolewa na baridi ya Karagwe, kama alivyopenda kusema, alikuwa amezipanga kwa umri: karibu na mlango ile mpya kabisa, nyeupe, aliyoiita Bibi Harusi, na mwisho kabisa, ukutani, ile ya kwanza kuletwa, imegeuka rangi ya maziwa mgando, inanguruma kama paka, nayo jina lake lilikuwa Babu. Waya mmoja mweusi ulipita nyuma ya zote saba na kuziunganisha. Nje ya dirisha kulikuwa na uwanja wa kuanikia kahawa, na wanawake waliogeuza kahawa kwa reki walituzungumzia kana kwamba vioo vya dirisha vilikuwa ukuta wa mawe. "Yule binti wa Nyaishozi ndiye anayezilisha," nilimsikia mmoja akisema. "Anazilisha nini?" "Umeme." "Mbona hazinenepi?" "Kwani yeye amenenepa?" Wakacheka wote, nami nikainama juu ya kibodi nikijifanya sielewi Kinyambo, lugha niliyoongea kabla ya kuota meno.

Umeme wenyewe ulikuwa wa saa nne kwa siku. Jenereta ya hospitali iliwashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, wala haikuwa na upendeleo. Chumba cha upasuaji kilipata saa hizo, nasi saa hizohizo. Asubuhi niliandika programu kwa kalamu kwenye daftari la hesabu, mstari kwa mstari, nikiifuta na kuisahihisha kama mwanafunzi wa insha, ili saa nane ikifika nisipoteze hata dakika ya kufikiri. Sijawahi tena kuandika programu safi kama zile nilizoandika gizani, ikiwa nitaruhusiwa kukiita giza chumba kilichojaa jua la asubuhi ambacho mashine zake zote zilikuwa zimelala.

Yustina alikuja kila Alhamisi kutoka Murongo, mpakani, kwa lori la wachuuzi na kwa miguu. Alinizidi miaka mitano au sita. Kifafa kilikuwa kimemkaa tangu utotoni, na dawa za kliniki yetu zilikuwa zimekipunguza bila kukimaliza. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku wauguzi walipombandika waya kichwani, wakigawanya nywele zake kwa kitana, na kalamu nyembamba zikaanza kuchora kwenye karatasi ndefu mistari ya ubongo wake. Aliitazama karatasi ikitoka, mita baada ya mita, kwa uso wa mtu anayesomewa barua. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, baada ya kuchukua dawa, alisimama mlangoni pa chumba chetu na kuuliza swali lilelile.

"Dada Leokadia, mashine zimenielewa?"

"Bado, dada Yustina. Zinajitahidi."

"Haya. Mimi nilichukua miaka mingi na bado sijajielewa. Nazo zisiharakishwe."

Alikuwa na sahani ya bati, ya rangi ya kahawia, iliyofungwa ndani ya kitenge, na alitembea nayo kila mahali. Sikuuliza ni ya nini. Mtu yeyote aliyekulia upande ule alijua. Watu wengi waliamini kuwa kifafa huambukiza kwa mate, kwa hiyo mwenye kifafa hakuchovya mkono pale wenzake walipochovya; alikuwa na chombo chake, na mahali pake pa kukaa, kwa kawaida karibu na mlango. Hata kwenye benchi la kliniki, mahali ambapo nusu ya waliokaa walikuwa na ugonjwa uleule, nilikuwa nikiona nafasi tupu upande wa kulia na wa kushoto wa Yustina. Daktari alikuwa ameeleza mara nyingi kwamba hauambukizi hivyo. Watu waliitikia kwa heshima, na nafasi zile zikabaki.

Mwanzoni mwa masika Profesa aliniita nje, tukasimama kando ya kahawa iliyoanikwa. Wafadhili, alisema, walikuwa wameandika. Waliona kuwa maabara inayofanya kazi saa nne kwa siku si maabara. Mashine zihamishiwe Dar es Salaam, kwenye umeme wa siku nzima. Na kwa kuwa fedha za utafiti na za kliniki zilikuwa za mfuko mmoja, daktari na sanduku la dawa wangefuata mashine. "Watakuja wenyewe kuona, mvua zikipungua," alisema. "Nimewajibu kwamba tunaweza kuyamaliza majaribio yote ya mgonjwa mmoja katika mchana mmoja. Saa nane hadi kumi na mbili. Tukiwaonyesha hilo, tunabaki."

"Tunaweza, Profesa?"

"Wewe ndiye mwenye programu. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nikasema tunaweza. Nilimfikiria Yustina akisafiri siku mbili hadi Dar es Salaam na sahani yake mapajani, nikasema tunaweza, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kushindwa.

Niseme hapa jinsi nilivyokuwa nimekosea, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la malezi. Shule ya bweni nilikuwa kiranja wa chakula. Kwa miaka miwili nilisimama mbele ya sufuria la ugali na upawa mkononi, na sifa yangu, ambayo mwalimu mkuu aliitaja hata siku ya mahafali, ilikuwa kwamba hakuna msichana aliyewahi kupata zaidi ya mwenzake. Niliamini kuwa kugawa ni kugawa sawa. Kwa hiyo nilipopewa majaribio elfu kadhaa na mashine saba, nilichukua upawa wangu na kupakua mafungu saba yaliyolingana, nikaipa kila mashine fungu lake, nikakaa na kungoja kusifiwa. Saa tisa na nusu Bibi Harusi alikuwa amemaliza. Saa kumi wakamaliza wawili wengine, na watatu waliosalia, mmoja mmoja, karibu na saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili jenereta ilipozimwa, Babu alikuwa hajafika hata theluthi ya sahani yake.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. "Leokadia," alisema, "tuna mashine saba, na sita zimekaa zinamtazama Babu akitafuna."

"Mtoeni huyo mzee," alisema Athumani. "Nitamfanya kibanda cha kuku."

Tulimtoa. Aliyemfuata kwa uzee akawa ndiye Babu mpya, na saa nne bado hazikutosha, maana hata kile kidogo cha Babu tulikihitaji. Nikamrudisha. Nikapima mwendo wa kila mashine na kugawa upya, Bibi Harusi fungu kubwa, Babu fungu dogo, nikijiona nimekuwa na busara ya mzazi. Haikusaidia. Majaribio yenyewe hayakulingana: jaribio moja lilitulia upesi na kwisha, jingine lililipuka na kuendelea kuhangaika kwa dakika nyingi, na hakuna aliyeweza kujua lipi ni lipi kabla ya kulianza. Mara Babu alipata mepesi akamaliza mapema, mara Bibi Harusi aliangukiwa na magumu matupu akashindwa na wote. Wiki tatu zilipita hivyo. Kwenye uwanja wa kahawa wanawake walikwisha kunipa jina, "Mama wa saba", na mmoja alidai kwamba wanangu walikuwa wavivu kwa sababu nilikuwa nawafundisha wakiwa wamekaa.

Nilipanga kwa Mama Adela, mpishi wa hospitali, ambaye nyumba yake ilikuwa dakika kumi kutoka kazini, ndani kabisa ya migomba, kiasi kwamba ulisikia vicheko vya nyumba kabla ya kuona bati lake. Ilikuwa nyumba ya watu wanane. Kiti cha heshima, ambacho kilikuwa kigoda, kilikuwa cha baba mkwe wake, Tata Bernardo, yaani Baba Bernardo, mzee mwenye meno manne na maoni mengi. Kila siku, baada ya kunawa, tulikaa chini kwenye nyasi safi zilizotandazwa sebuleni, Mama Adela akaleta furushi la ndizi lililofungwa kwa majani, likifuka mvuke, akalifungua katikati yetu, na jani hilohilo likawa sahani ya wote. Maharage yalimiminwa kando. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: hakuna aliyeinuka kabla ya Tata Bernardo kumaliza na kuletewa maji ya kunawa.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikaa kwenye jani lile nikiwa nimechoka na nimenuna. Nilikuwa nimepiga mahesabu kichwani wakati wa mahubiri yote. Tata Bernardo alitafuna upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akapumzika akitusimulia jinsi vijana wa siku hizi wanavyokula kama wanafukuzwa na nyuki. Watoto walikula kama wanafukuzwa na nyuki. Nikamtazama kwa hasira ya kijinga, nikimwona Babu mwenye mashavu. Kisha nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelitazama tangu kuzaliwa bila kuliona. Tata alipomaliza, sote tulikuwa tumemaliza. Hakuna aliyekuwa amekaa akingoja. Jani lilikuwa tupu, na mikono minane ilikuwa imetoka juu yake karibu kwa wakati mmoja.

"Mama Adela," niliuliza, "unajuaje kiasi cha kila mtu?"

"Kiasi gani, mwanangu?"

"Cha kumtosha. Tata anakula polepole, watoto mbio. Unawagawia vipi?"

Alinitazama kama alivyowatazama wauguzi wapya walioomba mapishi ya ndizi. "Mimi sigawi. Umeniona nikigawa? Chakula kiko katikati. Anayemaliza tonge lake anachukua jingine. Nitajuaje njaa ya mtu kabla hajaanza kula? Hata yeye hajui."

"Huko shuleni wanawapimia," alisema Tata Bernardo. "Kama ng'ombe na chumvi. Ndiyo maana wanarudi wamekonda."

Niliinuka kabla hajanawa. Naomba nieleweke: katika nyumba ile, mbele ya mzee yule, niliinuka, nikasema "Samahani, Tata," nikakimbilia chumbani kuchukua daftari. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza kwa mshangao wa kweli kama nilikuwa nimeumwa na siafu.

Programu niliyoiandika wiki ile haikugawa kitu. Niliitoa mashine moja katika kula, ile ya nne kwa umri, yenye tabia ya wastani, nikaifanya mpakuaji: kazi yake ilikuwa kukaa na rundo lote la majaribio mbele yake. Nyingine sita ziliomba. Kila iliyomaliza tonge, yaani kifungu cha majaribio kadhaa, ilirudisha majibu na kuomba jingine, na mpakuaji akaipa, bila kuuliza umri wala mwendo. Katika jaribio la kwanza nilishangilia kwa sauti kiasi cha kuwasimamisha wanawake wa kahawa, kwa maana saa kumi na moja kamili rundo lilikuwa limekwisha. Lakini majibu hayakuwa yamekwisha. Babu alikuwa amechukua tonge la mwisho, tonge kubwa kama yote yaliyotangulia, na ndani yake kulikuwa na majaribio magumu mengi. Akaguna nalo. Saa kumi na moja na nusu. Kumi na mbili kasorobo. Bibi Harusi na wenzake walikaa wakimtazama, kama zamani, na jenereta ikazimwa akiwa bado na chakula kinywani.

"Jani lako hujaliiga lote," alisema Athumani, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote. "Mama Adela hamwachii Tata tonge kubwa mwishoni. Hujaona? Jani likikaribia kwisha, yeye hukatakata ndizi zilizobaki."

Sikuwa nimeona. Kijana wa Tanga, aliyekaribishwa pale labda mara tatu, alikuwa ameona. Jioni ile nilimtazama Mama Adela mikono na si uso, na ilikuwa kweli: mwanzoni aliacha ndizi katika vipande vikubwa, kila mtu ajikatie, na rundo lilivyopungua alivivunja kwa mwiko kuwa vidogo, na vidogo zaidi, mpaka vya mwisho vilikuwa vya ukubwa wa kidole gumba, na hivyo ndivyo alivyovisogeza mbele ya mzee. Nilimwuliza kwa nini. "Ili tusimngoje," alisema. "Mnataka kuche mmekaa hapo?" Aliongeza jambo moja bila kuulizwa, kwamba mtoto akisinzia na kuacha tonge lake, tonge hurudi katikati, halikai likimsubiri. Yote mawili niliyaandika katika programu.

Wafadhili walikuja siku ya Alhamisi, wawili, mwanamume na mwanamke, wakiwa na buti zilizojaa udongo mwekundu wa barabara ya Nyaishozi. Profesa alivua sweta kwa heshima ya siku hiyo. Yustina alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha letu, kitenge chake mapajani. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku ile mashine zingefanya kazi yake yeye, mwanzo hadi mwisho. Saa nane jenereta ilikohoa na kuwaka. Mashine saba ziliamka. Nikabonyeza kitufe kimoja.

Kwa saa mbili hakukuwa na la kuonyesha ila namba ya majaribio yaliyosalia, iliyokuwa ikipungua kwenye kioo cha mpakuaji. Mgeni mwanamke aliuliza, kwa Kiingereza cha upole, kwa nini tulikuwa tukitumia mashine kongwe kiasi kile, akimnyooshea Babu kidole. Kabla sijajibu, Bibi Harusi alizimika. Hakukuwa na moshi wala kelele. Kioo kiliingia weusi, na joto lililotoka ubavuni mwake lilitosha kuchemsha chai. Profesa alinitazama. Athumani alishika kichwa. Mashine yetu iliyo bora kuliko zote ilikuwa imeondoka kwenye jani na tonge lake mkononi, na saa ilikuwa kumi na robo.

Namba ilisimama, au mimi ndiye niliyeiona imesimama. Kisha mpakuaji, kwa utiifu wa mashine na kwa sheria niliyojifunza sebuleni kwa Mama Adela, akalirudisha tonge lililotelekezwa katikati, na aliyelichukua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amemaliza wakati huo, alikuwa Babu. Namba ikaendelea kushuka. Matonge yakawa madogo, yakawa madogo zaidi. Nje, reki za kahawa zilikuwa zimenyamaza. Niligeuka nikaona nyuso tano kwenye dirisha, na katikati yao uso wa Yustina, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na nafasi tupu upande wake wowote, kwa sababu dirisha lilikuwa dogo na kila mtu alitaka kuona. Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili Babu alirudisha punje yake ya mwisho, wenzake wakiwa wamemtangulia kwa sekunde chache tu. Nikauita mstari. Ukajichora kwenye kioo, wa kijani, polepole, ukitulia, ukipanda, ukilipuka, na juu yake nikauweka mstari wa Yustina, uliokuwa umenakiliwa mapema kutoka kwenye karatasi yake. Ikapita sekunde moja ambapo nilidhani kioo kimeonyesha mstari mmoja tu. Ilikuwa miwili, imelaliana.

Profesa Mkude, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, hakucheka hata siku hiyo. Alitoa leso, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akawaambia wageni, "Kazi hii imefanyika hapa." Nami nilifungua dirisha.

"Dada Yustina," nilisema, "zimekuelewa."

"Zote?" aliuliza.

"Zote. Mpaka Babu."

Wanawake wa kahawa walipiga vigelegele vilivyowatoa wauguzi wodini wakidhani kumezaliwa mapacha. Kabla ya giza kuingia, wafadhili walikuwa wameshasema kwamba mashine zitabaki, na pamoja nazo daktari na dawa zake. Mama Adela hakungoja kusikia hilo. Alikuwa amepika tangu adhuhuri, kwa matokeo yoyote. Alitukaribisha sote, wageni na Profesa na Athumani, na akamtuma mtu amlete Yustina, ambaye alikuwa ameanza kutafuta lori la kurudi Murongo.

Yustina aliingia, akamwamkia Tata Bernardo, "Shikamoo, Tata," akaketi pale alipozoea kuketi katika nyumba za watu, karibu na mlango. Akafungua kitenge na kuiweka sahani yake mbele ya magoti. Furushi la ndizi lilikuwa limekwisha kufunguliwa katikati. Mikono ilikuwa imenyooshwa, na ikasimama. Nilimwona Mama Adela akifungua mdomo. Lakini aliyesema alikuwa mzee.

"Marahaba. Hiyo sahani ni ya nini?"

"Ni yangu, Tata," alisema Yustina taratibu. "Mimi nina kifafa."

"Nami nina meno manne. Nimekuuliza habari za sahani." Akasogeza goti lake, na kusogea kwa Tata Bernardo kulikuwa safari, alijikokota kwenye kigoda, akahema, akapapasa nyasi kando yake. "Njoo ukae hapa. Hawa wanakula kama wanafukuzwa na nyuki. Mimi na wewe tutakwenda polepole."

Yustina alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Kisha akainuka, akapita nyuma ya mgongo wa Profesa na kuketi mahali palipopapaswa. Akachukua tonge dogo pembeni mwa jani. Tata Bernardo akachukua la kwake palepale alipolitoa yeye, akatafuna upande wa kushoto, akatafuna upande wa kulia, na sote tukala. Mama Adela alivunja vipande vidogo zaidi na zaidi, lakini jioni ile Yustina hakuwa na haraka, na mzee alihakikisha kwamba yeye mwenyewe anakwenda polepole zaidi. Mgeni mwanamume alitaka kuinuka, miguu imemfa ganzi. Athumani akamvuta suruali, akakaa.

Tulipomaliza na kunawa, Mama Adela alileta kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hawezi kuondoka bila kupewa. Aliangaza sebuleni akitafuta chombo cha kuzipitishia. Kilichokuwa karibu ni sahani ya bati, tupu, safi, iliyobaki pale mlangoni. Akaiokota, akazimimina humo, akampa Yustina azungushe. Tata Bernardo akachukua ya kwanza, ingawa meno yake manne yasingeiweza, akaiweka shavuni. Akachukua Profesa, wakachukua wageni, nikachukua mimi, wakachukua watoto wawili wawili. Sahani ikazunguka chumba kizima na kumrudia mwenyewe, na ndani yake ilikuwa imebaki punje moja, akaila.